Biryogo na Nyakabanda: Uswahilini usio na bahari katikati ya Kigali

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali ni mwendo wa takriban kilomita 1,500 kwa barabara, na hakuna mkazi wa Nyakabanda awezaye kudai kwamba amelala akisikia mawimbi. Hata hivyo, mgeni kutoka Tanga, Mombasa au Unguja anayeondoka katikati ya mji huo, akapita Biryogo kuelekea Nyamirambo na kisha kuteremka Nyakabanda, hukuta mambo mengi asiyohitaji kutafsiriwa: sambusa ndani ya kabati la kioo mbele ya duka, chai ya tangawizi, wazee wenye kofia waliokaa nje ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, na vijana wanaobishana kuhusu mpira kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda.

Kwa takriban karne moja sehemu hii ya mji mkuu wa Rwanda imefahamika kuwa mtaa wa Waswahili. Jina hilo lina historia nzito kuliko linavyosikika. Wakazi wake wa kwanza hawakulichagua. Waliandikiwa na watawala wa kikoloni, waliotaka watu wa aina fulani wakae mahali pamoja ambapo ni rahisi kuwaona. Watoto na wajukuu wa watu hao ndio walioligeuza kuwa jina la kwao.

Kijiji ndani ya mji

Nyakabanda ni umurenge, ngazi ya utawala inayokaribiana na kata, ndani ya wilaya ya Nyarugenge, mojawapo ya wilaya tatu zinazounda jiji la Kigali. Imepakana na Nyamirambo, Rwezamenyo na Kimisagara, na ina seli nne: Munanira ya kwanza na ya pili, Nyakabanda ya kwanza na ya pili. Chini ya seli kuna umudugudu, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kijiji. Kwa hiyo kisheria kila mkazi wa Kigali, hata anayeishi katika ghorofa, ni mwanakijiji. Kwa Nyakabanda istilahi hiyo ya serikali imepatia pengine kuliko ilivyokusudia, kwa kuwa nyumba zimesogeleana kiasi kwamba harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani ni habari ya mtaa mzima.

Mtaa umejishikiza kwenye mteremko. Juu yake unaonekana mlima Kigali, ambao ndio uliolipa jiji jina, na chini kabisa ni bonde la Nyabugogo, kilipo kituo kikuu cha mabasi yaendayo mikoani na nchi jirani. Nyumba za zamani ni za matofali ya udongo yaliyopigwa lipu, zimeezekwa mabati, na mara nyingi zina ua mdogo unaotumiwa na familia zaidi ya moja. Njia kati yake ni nyembamba, nyingine ni ngazi tupu. Msimu wa masika maji huteremka kwa kasi, na anayejenga huku hutakiwa kuufikiria mtaro kabla ya kuufikiria mlango.

Maji hayo yenyewe yana safari ya kustaajabisha. Huingia mto Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, yakafika Ziwa Victoria na hatimaye Nile. Mvua inayonyesha juu ya mtaa wa Waswahili wa Kigali, kwa maneno mengine, huishia bahari ya Mediterania wala si Bahari ya Hindi.

Nchi iliyoikataa misafara

Kuwapo kwa Waswahili mjini Kigali si jambo lililotarajiwa. Katika karne ya 19, wakati misafara ya biashara kutoka pwani ilipokuwa imefika Tabora, Ujiji, Karagwe na Buganda, ufalme wa Rwanda ulibaki umefungwa. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuruhusu wafanyabiashara wa pwani wajijenge ndani ya nchi yake. Bidhaa kama vitambaa na shanga ziliingia kupitia mipakani, lakini aliyezileta hakuingia nazo.

Mlango ulifunguliwa na Wajerumani. Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda mwaka 1894 akiwa na msafara wa wapagazi, na baada ya hapo Rwanda ikahesabiwa kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miaka minne baadaye alifika daktari Richard Kandt, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile. Mwaka 1907 Kandt aliteuliwa kuwa Residenti, yaani mwakilishi wa utawala wa Ujerumani, na badala ya kukaa karibu na ikulu ya Mwami Yuhi wa Tano Musinga huko Nyanza, alichagua kilima cha Nyarugenge, mahali palipo karibu na katikati ya nchi. Huo ndio mwanzo wa Kigali. Nyumba inayobeba jina lake leo ni makumbusho.

Kandt hakuujenga mji peke yake. Utawala wa Ujerumani katika eneo hili uliendeshwa kwa Kiswahili: ndiyo iliyokuwa lugha ya askari, ya makarani, ya wakalimani na ya wapagazi. Nyuma yao walikuja wafanyabiashara, wakiwamo Wahindi, Waarabu na Waafrika Waislamu, waliofuata ngozi na ng'ombe na kuuza nguo, chumvi na vifaa vidogo vya nyumbani. Kwa Mnyarwanda wa wakati huo wote hao, waliovaa kanzu au kusema Kiswahili, walikuwa Abaswahili.

Hapa panahitaji tahadhari, kwa sababu neno lilelile lina maana tofauti kulingana na aliyelitamka. Pwani, Mswahili ni mtu wa miji kama Lamu au Bagamoyo, mwenye ukoo na mtaa wake. Kigali, Mswahili aliweza kuwa Mnyamwezi, Mmanyema kutoka Kongo, Mganda, Msukuma, au Mnyarwanda wa kilima cha jirani aliyesilimu mwezi uliopita. Mwanahistoria José Hamim Kagabo, ambaye kitabu chake kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda kilichapishwa Ufaransa mwaka 1988, aliliweka neno hilo ndani ya alama za kunukuu katika jina la kitabu. Ni uamuzi wa busara, maana wengi wa hao walioitwa Waswahili hawakuwahi kuiona pwani.

Kambi

Mei 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigali na Wajerumani wakaondoka. Rwanda na Burundi zikawa chini ya Ubelgiji, baadaye kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Watawala wapya walishirikiana kwa karibu na Kanisa Katoliki, na hawakuwa na sababu ya kukipenda Kiswahili, lugha waliyoihusisha na Wajerumani na Uislamu.

Katika miaka ya 1920 Waswahili wa Kigali walitengewa mahali pao, Biryogo, kwenye mteremko wa kusini-magharibi mwa mji wa Wazungu. Mahali hapo paliitwa kwa Kifaransa kambi ya Waswahili. Kitongoji cha Nyamirambo, kilichokua karibu nayo, kilikusudiwa kwa watumishi wa serikali na wafanyabiashara wa Kiswahili. Utaratibu huo haukuwa wa Kigali pekee: Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilipata mtaa wake wa Buyenzi, ambao mpaka sasa ni ngome ya Kiswahili nchini Burundi.

Kambi haikuwa gereza, lakini haikuwa mtaa wa kawaida pia. Mkazi wake aliwekwa chini ya masharti ya mji, tofauti na Mnyarwanda wa mashambani aliyekuwa chini ya chifu wake, na kuhama kwenda kuishi vilimani miongoni mwa wananchi wengine kulihitaji ruhusa. Elimu iliachwa mikononi mwa wamisionari. Wazazi wengi Waislamu walihofia kwamba mtoto angeingia darasani na jina moja na kutoka na jingine la ubatizo, wakawazuia watoto nyumbani. Matokeo yake yalidumu kwa vizazi. Bila cheti cha shule hapakuwa na ukarani, na bila ukarani hapakuwa na nafasi serikalini.

Zilizobaki ni kazi za mikono na za barabarani. Wakazi wa Biryogo walijulikana kwa ushonaji, uchinjaji, biashara ndogondogo, udereva wa malori na ufundi wa magari. Ni mambo hayohayo yanayouchangamsha mtaa hadi leo: cherehani zinazolia kwenye vibaraza, vipuri vya magari vilivyopangwa kwenye rafu, na duka ambalo halifungwi mpaka mteja wa mwisho aende kulala. Wageni husifu uchangamfu huo kana kwamba ni tabia waliyozaliwa nayo watu wa huku. Sehemu yake kubwa ilitokana na milango mingine kufungwa.

Msikiti wa Al-Fatah, maarufu kama msikiti wa kijani, umesimama tangu enzi hizo za ukoloni. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 Kigali ilikuwa na wakazi takriban 6,000 tu, na Waislamu wake walikuwa sehemu inayoonekana ya mji huo mdogo. Mwaka 1964 walipata chama chao cha kitaifa. Baadaye Libya ilifadhili kituo kikubwa cha utamaduni wa Kiislamu, chenye msikiti na shule, ambacho wenyeji walikiita kwa jina la Gaddafi na hawakuona haja ya kulibadilisha hata baada ya mwenyewe kuondoka duniani.

Maneno yaliyoruka ukuta

Wakati watu walizuiwa kusambaa, maneno yao yalisambaa. Mnyarwanda asiyejua Kiswahili hata kidogo hula kwenye ameza, huweka chakula kwenye isahani, hutia isukari katika icyayi, hufungua idirishya, huandika ibaruwa kwa ikaramu, hununua isabune kwenye iduka na hupigilia umusumari ukutani. Mtoto wake huenda ishuri, neno lililotoka katika Kijerumani likapita katika Kiswahili cha shule kabla ya kuvaa nguo ya Kinyarwanda. Ukiyaangalia maneno hayo pamoja unapata picha ya mzigo wa msafara: vyombo, karatasi, sukari, misumari.

Lakini jina la mwenye mzigo halikupokewa kwa ukarimu huohuo. Katika Kinyarwanda cha mitaani umuswahili huweza kumaanisha Mwislamu, na huweza pia kumaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi asiyefaa kukopeshwa. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akatabasamu, kwani huko nako "uswahili" una maana yake ya pembeni. Tofauti ni kwamba Kigali dharau hiyo ilikuwa na uzito wa utawala nyuma yake.

1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza tarehe 7 Aprili 1994, mtaa huu haukusalimika. Watu wengi waliuawa Nyamirambo, Biryogo na Nyakabanda, na vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe vilikatiza barabara zote kuu. Hata hivyo, watafiti na manusura wameeleza mara nyingi jinsi familia za Kiislamu katika mitaa hii zilivyowaficha Watutsi majumbani na misikitini, na jinsi viongozi wa dini walivyokuwa wamewahimiza waumini wajitenge na siasa za ukabila. Filamu ya Kinyarwanda ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Alrick Brown, ilijengwa juu ya simulizi za watu waliojificha msikitini Kigali.

Sababu zinazotolewa ni kadhaa. Kubwa ni kwamba ndoa za mchanganyiko zilikuwa za kawaida, na kwamba kwa miongo kadhaa watu wa kambi walikuwa wamezoea kujitambulisha kwa dini na mtaa kabla ya Uhutu au Ututsi. Kutengwa kule, ambako kulikusudiwa kuwadhibiti, kulikuwa kumewafanya wawe karibu zaidi wao kwa wao.

Simulizi hiyo haipaswi kung'arishwa kupita kiasi. Wapo Waislamu walioshiriki katika uhalifu huo, na mmoja wa wachochezi waliojulikana zaidi, Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha, alikuwa Mwislamu. Wala uokoaji haukuwa wa Waislamu peke yao. Kwenye mlima huohuo wa Nyamirambo, Damas Gisimba, aliyekuwa akiendesha kituo cha yatima cha familia yake, alihifadhi takriban watu 400, watoto na watu wazima, hadi walipohamishwa kwa msaada wa Mmarekani Carl Wilkens, aliyekataa kuondoka Kigali wakati raia wenzake wote walipoondolewa. Gisimba alifariki mwaka 2023.

Baada ya vita vyombo vya habari vya nje viliandika sana kuhusu Wanyarwanda waliosilimu kwa wingi kutokana na waliyoyashuhudia. Waliosilimu walikuwapo kweli. Lakini katika sensa ya mwaka 2022 Waislamu walikuwa takriban asilimia 2 ya wananchi wote, idadi ndogo kuliko makala zile zilivyodokeza. Kilichobadilika zaidi ni heshima: Idi ni sikukuu ya taifa, na sala ya Idi hukusanya maelfu katika uwanja wa michezo wa Nyamirambo, ambao tangu Machi 2023 unaitwa Kigali Pelé, kwa kumbukumbu ya nyota wa Brazil.

Lugha rasmi, sauti ya chini

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Februari 2017 bunge lake lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha ambayo babu alisemea kambini sasa mjukuu anaweza kuikuta kwenye mtihani. Wazee wa Biryogo wanaweza kusamehewa wakiona kichekesho ndani yake: Kiswahili sanifu cha vitabuni si kile chao, kilichochotwa Kongo, Bujumbura na Kigoma, na mtoto wa mtaa anaweza kukosolewa na mwalimu aliyejifunza lugha hiyo ukubwani.

Mwaka mmoja baadaye ulikuja uamuzi wa aina nyingine. Machi 2018 mamlaka za wilaya ya Nyarugenge zilipiga marufuku misikiti kutumia vipaza sauti kuadhini, zikisema vinawasumbua wakazi. Hatua hiyo ilichukuliwa wakati mamia ya makanisa mjini Kigali yakifungwa kwa sababu za kelele na ubora wa majengo, kwa hiyo haikuwa ya Waislamu pekee. Lakini kwa mtaa uliozoea kuamshwa na adhana ya Alfajiri ikijibizana kutoka mnara hadi mnara, mabadiliko yalisikika mara moja. Upande wa Waislamu ulilalamika kwamba kupunguza sauti kungetosha.

Bei ya mteremko

Swali kubwa la sasa ni la ardhi. Kigali ya watu 6,000 ilihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni 1.7, na mitaa iliyokuwa pembezoni mwa mji wa kikoloni sasa iko dakika chache kutoka benki na wizara. Mpango mkuu wa jiji hautaki nyumba za udongo zilizobanana. Wakazi wa mitaa mingine wameshaona mwisho wa hadithi kama hiyo: Kangondo na Kibiraro, katika eneo la kifahari la Nyarutarama, zilibomolewa mwaka 2022 na wakazi kupewa makazi Busanza baada ya mvutano wa miaka.

Biryogo ilipata bahati ya njia nyingine. Pamoja na seli za Agatare, Kiyovu na Rwampara iliingizwa katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia wa kuboresha mtaa bila kuuhamisha: barabara, mitaro, taa. Kwenye bonde la Mpazi, upande wa Gitega na Kimisagara, wenye viwanja wamejengewa ghorofa palepale walipokuwa wakiishi, wakabadilishana ardhi na vyumba. Utaratibu huo humbakiza mtu karibu na kazi yake na msikiti wake au kanisa lake. Hauwezi kumbakizia ua, na maisha mengi ya mtaa huu huendeshwa uani na kibarazani: mandazi hukaangwa hapo, nguo hushonwa hapo, maiti huombolezwa hapo. Mpangaji naye, ambaye hana kiwanja cha kubadilishana, hutegemea kodi isipande.

Wapo waliotangulia kuigeuza historia kuwa kipato. Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kilichoanzishwa mwaka 2007 na wanawake 18, huwatembeza wageni mtaani kwa miguu, kuwafundisha kupika na kuwauzia kazi za mikono. Mwaka 2021, wakati wa janga la Covid-19, jiji lilifunga baadhi ya barabara za Biryogo kwa magari ili migahawa iweze kupanga meza nje. Lami ikapakwa rangi kali, na janga lilipopungua meza hazikuondolewa. Watu wa mitaa mingine, ambao wazazi wao wasingewaruhusu kutembea Uswahilini usiku, sasa huja hapo kupiga picha na kula mishikaki na pilau.

Chini kidogo, Nyakabanda haijapakwa rangi. Jioni teksi za pikipiki huteremka zikizima injini kuokoa petroli, wanafunzi hupanda ngazi na madaftari, na kwenye viwanja vya Mumena na Tapis Rouge mpira huchezwa mpaka giza liufiche. Adhana ya Magharibi husikika na aliye karibu na msikiti tu. Walio mbali hutazama saa, kisha hutandika mkeka.